Mwosha wa Munje na Bega la Mama

Akikusalimu, Mwosha hakukupa mkono mmoja. Wa kulia ulishika wako, na wa kushoto ulikuja taratibu chini ya kiwiko chako ukakibeba, kana kwamba kiwiko hicho kingeanguka. Nadhani mwenyewe hakujua kuwa anafanya hivyo. Sisi tulijua, na tulimkwepa. Munje nzima ilikuwa na habari kwamba mwanamke aliyebebwa kiwiko na Mwosha asubuhi hana uhakika wa jioni. Mimi nilibebwa kiwiko mara nyingi na bado nipo, lakini jambo kama hilo halimtoi mtu hofu.

Kazi yake ilikuwa kuwaosha wanawake waliokufa. Jina alikuwa nalo, ila lilikuwa limekaa bila kutumiwa muda mrefu kiasi kwamba lingetamkwa sidhani kama angegeuka. Mbele yake tulimwita bibi. Akishapita tulimwita Mwosha.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye mikono laini kuliko ya bi harusi. Alinukia kafuri hata siku ya Idi. Alipenda harusi kupita kiasi, na hilo lilikuwa tatizo kwa wenye harusi, kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa ubavuni pake. Alikaa peke yake kwenye mkeka wa watu wanne, akala kaimati zake kwa raha zote, akapiga makofi nje ya mdundo. Nilipokuwa msichana nilicheka na wenzangu. Sasa naona haya, maana alituona tukicheka na akazidi kupiga makofi.

Hakumtazama mtu usoni kwanza. Macho yake yalianzia mabegani, yakashuka mkono mmoja, yakapanda mwingine, ndipo yakafika kwenye uso. Siku moja kisimani alikuwapo mwanamke aliyeolewa kwetu kutoka upande wa Samburu, kule kwa wafugaji, mgeni wa mwezi mmoja hivi. Mwosha alimtazama alivyoinama, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bega lako la kushoto limebeba mtoto, mwanangu. Muda mrefu." Yule mwanamke alikuwa ameingia kwa mumewe kama mtu asiyewahi kuzaa. Aliweka ndoo chini akalia mpaka tukamfunika leso. Baadaye tulijua kwamba alimzika mwanawe huko kwao, na alikuwa hajamwambia mtu. Alimshukuru Mwosha kwa miaka mingi. Sisi wengine tulianza kujitanda vizuri zaidi tukimwona.

Kwa walio kimya alikuwa mpole, kwa wenye afya alikuwa mkali wa kutisha. Aligombana kwenye foleni ya maji, aliwafokea wenye duka, aliwahi kumzaba kibao mkwe wake mbele ya watu. Lakini mtu mgonjwa, mtu aliyezimia, mtoto aliyelala, hao aliwagusa kwa namna ambayo sijaiona kwa mwingine. Nilipomuuliza aliniambia, "Wote wasioweza kunijibu nawashika namna moja." Na mwanamke huyuhuyu, aliyekaa na maiti tangu ujana wake, akiona sindano ya daktari alianguka chini. Walimbeba mara mbili kutoka zahanati, na mara zote mbili hata zamu yake ilikuwa haijafika.

Jambo jingine lililowakera watu ni kwamba hakusema uongo wa kufariji. Kwetu josho likimalizika wafiwa humuuliza mwosha kama uso ulikuwa na nuru, na mwosha mwenye adabu hujibu kwamba ulinawiri. Yeye alijibu, "Mimi nimeosha. Nuru muulizeni Mola wake." Alichokiona mwilini mwa marehemu hakukitaja, kwa kuwa dini imemkataza mwosha kufichua. Kwa hiyo hakusema uongo wala hakusema aliyoyaona, na mtu wa namna hiyo hukosa mazungumzo.

Huyu ndiye aliyeingia nyumbani kwetu mwaka wa Madaraka, Kenya ilipopata serikali yake yenyewe, mama yangu akiwa hai.

Mama alikuwa amepigwa na kiharusi miezi miwili kabla, upande wa kulia wote. Uso ulirudi, maneno yalirudi, mguu ulianza kukubali kidogo. Mkono haukurudi. Ulining'inia kando yake, mzito na wa baridi kidogo, na yeye mwenyewe aliuita "ule", kana kwamba ni wa mtu aliyeusahau nyumbani kwetu. Hospitalini walimpa dawa wakatuambia tumtunze. Kumtunza tulijua. Nilikuwa nimerudi kutoka kwa mume kwa ajili hiyo, na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliishi nasi.

Mama alikuwa amewasomesha Kurani wasichana wa Munje kwa miaka. Karibu kila mwanamke wa rika langu aliwahi kuchapwa kiboko chake kimoja au viwili. Kwa hiyo walikuja. Kila siku baada ya sala ya alasiri, nilipokwisha kumtoa chumbani na kumkalisha ukumbini apate upepo, wanafunzi wake waliingia mmoja mmoja, wakasema shikamoo, wakauchukua mkono wake wa kulia kutoka pajani, wakaunyanyua hadi midomoni na kuubusu. Mkono wa kushoto nani angeubusu? Hiyo ingekuwa dharau.

Ulipokaribia wakati wa magharibi, mama alianza kulia.

Hakulia kwa kelele. Alikuwa akiguna, meno yameumana, jasho linamtoka, na mkono wake mzima umelishika bega la kulia. Mkono ambao haukuhisi hata ukiuchoma ulikuwa na bega lenye maumivu ya kumzuia kulala. Shangazi alimpaka mafuta, nikamkanda kwa maji ya moto, haikusaidia. Wiki ya tatu nilimuuliza maumivu yakoje. Alinitazama muda mrefu.

"Kuna mtu ananivuta," alisema.

"Nani, mama?"

"Dada yangu."

Mama mkubwa alikuwa na miaka mitatu kaburini. Alipokuwa hai alikuwa na tabia hiyo hasa: kumshika mama mkono na kumvuta, njoo, njoo nikuonyeshe, wanawake wawili wenye wajukuu wakikokotana kama watoto. Nilisikia baridi mwili mzima, na jua lilikuwa bado juu. Kesho yake nilipokuwa nikimbadilisha nguo niliona, juu ya mkono uliokufa, karibu na kwapa, alama za rangi ya zambarau. Zilikuwa nne upande mmoja na moja upande wa pili. Vidole.

Nilimwita shangazi. Aliziangalia, akavuta nguo akazifunika, akaenda uani akakaa. Aliporudi alisema tutafute mganga wa kumfunga marehemu mahali pake, kwani huyu amekuja kumchukua mwenzake na hatatoka mikono mitupu. Mama alisikia yote kutoka kitandani na hakukataa. Tangu siku hiyo sikuweza kupita ukumbini saa za alasiri bila kuhisi kwamba kuna mtu amesimama nyuma ya kiti cha mama. Nilianza kufanya kazi zangu harakaharaka saa hizo, nimalize, nitoke.

Mwosha hakuitwa. Alikuja mwenyewe, mchana kweupe, na kuja kwake kulileta balaa, kwa sababu majirani walipomwona akiingia walidhani kwamba mama amekata roho. Kabla sijamkaribisha kulikuwa na wanawake watatu mlangoni na mikeka kichwani, mmoja ameshaanza kulia. Ilibidi mama mwenyewe aite kutoka ndani, "Bado nipo. Rudisheni mikeka ya watu." Mwosha alicheka mpaka akajishika ukuta. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Aliketi kando ya kitanda. Hakumgusa mama. Aliuelekea ule mkono akausalimu, "Asalaam aleikum," kisha akanyamaza.

"Unangoja nini, bibi?" nilimuuliza.

"Nangoja mkono unijibu."

Alikaa hivyo hadi nikatamani kutoka. Kisha akapitisha kiganja chini ya kiwiko, kingine kwenye kombe la bega, akaubeba mkono mzima bila kuunyanyua, na mama, ambaye hakumruhusu mtu kugusa pale, alifumba macho akashusha pumzi. Mwosha alipapasa juu ya bega. Kati ya mfupa na mfupa palikuwa na shimo, akakichukua kidole changu akakipitisha hapo, kikaingia. "Limeshuka," alisema. "Nyama iliyokuwa ikilishikilia imelala. Sasa linaning'inia kwa kamba tu." Halafu akaziona zile alama. Alizitazama, akamtazama mama, na mama akamtazama yeye. Akazifunika kwa leso.

Nilikwenda kuchota maji; niliporudi shangazi alimwambia habari za marehemu. Mwosha alisikiliza yote.

"Basi yupo anayevuta," alisema. "Nitakaa nimwone."

Na kweli alikaa. Siku ya kwanza alikaa kwenye kona ya ukumbi tangu adhuhuri, kimya, macho yakienda mlangoni na kurudi. Sijui kama mnaweza kufikiria nyumba ya mgonjwa yenye mwosha maiti amekaa konani anangoja. Wageni waliingia, wakamwona, wakabusu mkono wa mama mbiombio wakatoka. Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Usiku wake mama aliteseka kuliko siku zote, na shangazi akasema waziwazi kwamba mzee huyu anamwita marehemu badala ya kumfukuza.

Siku ya tatu ilikuwa Madaraka. Watu wote walikwenda Msambweni, uwanjani, kusikiliza hotuba na kutazama ngoma. Sikutaka kwenda. Mwosha alinitoa kwa nguvu. "Nenda," alisema. "Wewe na shangazi yako. Serikali mnapewa mara moja tu. Mimi nitabaki na huyu." Mama naye alinihimiza. Nilikwenda, nikapigwa jua, nikaona migongo ya watu, na wakati wote niliwaza kwamba nikirudi nitakuta josho limekwisha.

Tulirudi jua likizama. Mama alikuwa kwenye kiti chake ukumbini, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto wa sufi mapajani, amelala. Hakuwa na jasho. Hakuguna. Ilikuwa magharibi ya kwanza baada ya wiki nyingi ambayo nyumba yetu haikuwa na sauti hiyo. Nilidhani amekufa, nikamwinamia nikasikia anakoroma.

"Marehemu hakuja?" shangazi alinong'ona.

"Leo hakuna aliyekuja," alisema Mwosha. "Mmeona? Aliye ardhini hana haja na bega la mtu. Wageni ndio. Kila mmoja anauinua ule mkono mpaka midomoni. Watu kumi, kumi na tano kwa siku, na kila mmoja ana heshima zake. Maiti havutwi mkono, hilo mnalijua wote. Huyu aliye hai mnamvuta kutwa."

Sikumwelewa mara moja, kisha nikamwelewa, na woga niliokuwa nao ukageuka hasira. Sasa nilikuwa na mtu wa kumkasirikia. Hiyo nayo ni raha, tusidanganyane.

Aliyekuja kila siku bila kukosa, na aliyenyanyua kwa bidii kuliko wote, alikuwa mke wa mudiri, yule mtawala wetu wa serikali ya Mwingereza. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa mama, mwanamke mrefu, mwenye mapenzi makubwa na mkono mzito. Kesho yake Mwosha alisimama mlangoni akatangaza kwamba hakuna kuushika mkono wa mgonjwa. Mke wa mudiri alisema ndani ya nyumba hii mwalimu wake amekwisha kufanywa maiti, maana asiyepewa mkono ni maiti. Na mama, badala ya kufurahi, alianza kulia. "Kweli," alisema. "Wasiponishika, mimi nimekuwa nini?"

Nilitegemea Mwosha apige kelele. Hakupiga. Alifikiri, kisha akaupanga mto vizuri chini ya ule mkono, akaweka kiganja chake chini ya kiwiko cha mama, akamwambia mke wa mudiri, "Piga magoti."

"Mimi?"

"Mkono haupandi kwenye mdomo tena. Mdomo ndio utashuka kwenye mkono."

Wasichana walipiga magoti. Wanawake wenye vyeo vyao walipiga magoti. Mke wa mudiri aliondoka. Alirudi wiki mbili baadaye akapiga magoti kwa taabu, na mama akampapasa kichwa kwa mkono wa kushoto, lakini mimi sikumpokea. Sikumjibu salamu siku ile, wala baada yake.

Mengine Mwosha aliyatufundisha kidogokidogo, kila mara akisingizia uzee wake. Kumvisha, tuanze na mkono mgonjwa. Kumvua, tumalizie nao. Kwamba ndivyo alivyowavisha maiti sanda hakusema, lakini tulijua amejifunza wapi. Akilalia ubavu ule, bega livutwe mbele kwa nyuma ya kombe, lisibaki limebanwa chini yake. Kulinyoosha kila siku, polepole, mkono usipande juu ya usawa wa bega, na kutazama macho ya mgonjwa, kwa kuwa yatasema kabla ya mdomo. Na kumtoa kitandani. "Nyinyi vijana mna nguvu za kubeba," aliniambia. "Mimi sina, kwa hiyo nina namna yangu. Nifuate uone." Alimgeuza mama kwanza ubavu, akashusha miguu, akampitishia mikono mgongoni na kiunoni, akamwacha ainame mbele mpaka akainuka kwa uzito wake mwenyewe. Hakugusa kwapa. Niliifuata namna hiyo kwa sababu ilikuwa rahisi kwa mgongo wangu.

Alama zilififia. Shimo la bega halikuzibika, na mkono haukuamka kamwe, lakini mama alilala. Maumivu yalibaki ya kuvumilika, ya siku za mvua. Aliishi miaka sita zaidi, na alipokufa Mwosha alimwosha na akaniruhusu kumshikia mkono ule, nami niliushika kama alivyonifundisha.

Miaka mitatu baada ya hapo aliniita. Nilimkuta kwake, ameshakuwa kibogoyo, ameacha kazi kwa sababu magoti yamekataa. Akaniuliza kama ni kweli mke wa mudiri ni mgonjwa, na kama ni kweli ameniletea watu nimpe radhi. Mudiri wenyewe walikwisha kuondolewa na serikali mpya, ila yeye jina lilimbakia.

"Ni kweli," nilisema. "Ameleta watu mara tatu. Sijampa. Alimtesa mama yangu, bibi. Wewe mwenyewe ulimwona."

"Usimpe," alisema Mwosha. "Huna cha kumsamehe."

Nilidhani ananiunga mkono, nikamshukuru. Alitikisa kichwa.

"Wageni walimuumiza kidogo. Walikuwa wakiushika mkono chini, kwenye kiganja. Alama zilikuwa juu, kwapani." Alingoja. Mimi nilikuwa bado sijaona. "Siku ya Madaraka wageni hawakuja. Nani mwingine hakuwepo?"

Nilitaka kusema shangazi. Lakini aliyemtoa mama kitandani nilikuwa mimi. Kila alasiri, kabla ya wageni, nilisimama nyuma ya kichwa cha mama, nikapitisha mikono kwapani, nikamkamata juu ya mikono yake na kumvuta kwa nguvu zangu zote kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Na tangu nianze kumwogopa marehemu ukumbini nilimvuta kwa haraka zaidi.

"Ulitudanganya," nilisema. Ndilo neno nililolipata.

"Mara moja. Mama yako aliniomba, siku ile ya kwanza, ulipokwenda kuchota maji."

"Alijua?"

"Mwanangu, mtu asijue anayemshika kila siku?"

Niliinuka niondoke. Alinionyesha mkeka, nikakaa, naye akaendelea.

"Nilitaka kukwambia palepale. Akanikataza. Akasema, 'Mwache amwogope dada yangu. Akija kuiogopa mikono yake mwenyewe, nani atanitoa kitandani?'"

Nililia mpaka jirani akaja kuchungulia. Mwosha alimfukuza. Kisha akaniambia ninawe uso, kwa sababu mgonjwa yule hana siku nyingi na nyumba yake iko mbali kwa mguu. Nilinawa, nikajifunga leso, nikatoka kwenda kuomba radhi.